Mkono wa Kujishikilia

Meli ya matanga iliyofunza makuruta wa jeshi la majini imefungwa gatini katika bandari ya Kiel miaka thelathini sasa, haitikisiki, lakini mzee anayewasimulia wageni historia yake haachi kung'ang'ania reli ya sitaha. Wiebke, mkata tiketi, humtania kila asubuhi: "Mzee wangu, leo tena unaogopa kuanguka?" Naye husimulia kwa sauti ileile kavu: ilivyoundwa, vita, dhoruba, kuruta aliyeanguka kutoka mlingotini. Jana, Wiebke akiwa karibu, bibi mmoja alimuuliza, "Kwani hakujishikilia?"

"Sheria ni mkono mmoja wa kazi, mmoja wa kujishikilia," alijibu, vidole vikiwa vyeupe kwa kuibana reli. "Tanga lilikuwa linachanika. Nikampigia kelele atumie yote miwili kwa kazi."

Leo asubuhi Wiebke alimwamkia tu, bila utani.