Nyumba Mpole

Mama alipofariki nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu vivumishi na vielezi katika ushairi. Baba, fundi cherehani wa Kanyenye, alitunga shairi la kusomwa kwenye arobaini, akanipa nilipige chapa. Mstari wa kwanza ulisema:

*Nyumba mpole kalala, taratibu kaniacha.*

Niliusoma kama mtahini. Nyumba si mtu. Haiwezi kuwa "mpole" wala "kalala". Nikaandika: *Nyumba tulivu yalala, taratibu yaniacha.* Mizani ilibaki nane kwa nane, nami nikajipongeza. Kielezi sikukigusa. Sikuona kwamba nilikuwa nimekihamisha bila kukigusa.

Siku ya arobaini baba alisoma nilichomchapia. Kwenye "tulivu" alisita kidogo, akaendelea. Baada ya dua jirani mmoja akamtania:

"Mzee, nyumba inakuacha taratibu? Ina ufa? Nikuletee fundi mwashi?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka.

Kesho yake alikuja mteja wa siku nyingi kutoka Kwihara kuchukua kanzu yake. Alikuwa hajapata habari. Walisalimiana kama wanaume wa rika lao wanavyosalimiana, bila kumtaja mke kwa jina.

"Nyumba haijambo?"

Baba hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Kalala," alisema.

Mteja akavua kofia, akaketi. Alielewa kwa neno moja. Mimi, niliyekuwa nimesimama na pasi mkononi, nilielewa nikiwa nimechelewa siku moja. Mama alikuwa ameugua miezi saba. Yeye ndiye aliyeondoka taratibu. Katika shairi langu kilichoondoka taratibu kilikuwa kuta na bati.

Mgeni alipokwenda nikamuuliza baba kwa nini hakunikataza.

"Wewe ndiye msomi, mwanangu. Nilidhani Kiswahili kimebadilika."

Jioni ile niliuandika upya mstari wake kwa mkono, herufi kwa herufi, nikamwomba tuwakusanye watu tena. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Watu hawaitwi arobaini mara mbili."

Tasnifu bado ina sura ya upatanisho wa vivumishi. Pale panapohitaji mfano wa kosa pana nafasi tupu, na msimamizi wangu ameshaniuliza mara mbili nitaijaza lini.