Kura Niliyoshinda Karatu

Nimeshinda kura moja tu maishani, na heri ningeshindwa.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa fundi wa redio na kompyuta kwenye kampuni ya kupeleka wageni hifadhini. Mtu wa Rombo, nimekuja Karatu kutafuta maisha kama wenzangu, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko ujuzi wangu. Kila mwezi, Jumamosi moja, tulikutana watu watano kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada mmoja Mwiraqw aliyekuwa akichapa barua za watu. Tulifufua kompyuta za mitumba kwa ajili ya shule za sekondari. Tuliziwekea mfumo wa programu huria, ule usionunuliwa, ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha apendavyo.

Uhuru huo ndio uliotugombanisha. Kompyuta ikiwashwa, kuna programu inayoamka kwanza, halafu inaziamsha nyingine zote. Ya zamani iliziamsha moja moja, kwa foleni, na moja ikikawia zote nyuma yake zinangoja. Mpya iliziamsha kwa pamoja, kama mama mwenye watoto wengi siku ya kufungua shule. Ilibidi tuchague moja ya kuweka kwenye sidii yetu ya kugawia shule. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza sheria: shule zote ziwe sawa, na asibadilishe mtu chochote bila kikao.

Nilitaka ya zamani. Nilisema ni imara, nilisema imejaribiwa. Ukweli ni kwamba ndiyo pekee niliyoijua, na niliogopa kuwa mwanafunzi mbele ya watu niliozoea kuwafundisha.

Aliyetaka mpya alikuwa mwalimu Mmasai kutoka Malambo, rika langu, mtu wa maneno machache. Ili afike kwetu alilala njiani, mara juu ya lori la mahindi, mara kwenye gari lolote lililomhurumia. Shuleni kwake hakukuwa na umeme ila paneli moja ya jua na betri moja.

"Fundi," aliniambia, "nina makundi matatu ya wanafunzi, asubuhi, mchana na jioni. Kila kundi likimaliza tunazima. Hiyo yako tukiiwasha inasimama inangoja mtandao, na Malambo mtandao hakuna. Betri inakwenda bure."

Mwalimu mzee wa pale Karatu akamuunga mkono. Tukabishana tangu chai ya asubuhi hadi maandazi yakaisha. Bosi wangu alikuwa amenipigia mara mbili. Redio ya gari moja ilikuwa bubu na wageni wanashuka kreta ya hifadhini kesho yake. Uvumilivu ukaniisha.

"Tupige kura tuondoke," nikasema.

Yule wa Malambo akanitazama. "Kwetu kikao hakiishi mpaka wa mwisho aseme sawa. Mkihesabu mikono, yule aliyebaki mnampeleka wapi?"

"Wengi wape, mwalimu," nikamjibu, tena kwa kicheko.

Mikono mitatu kwa miwili. Jumatatu yake dada wa duka aliniambia kwamba yeye alinyoosha mkono kwa sababu alikuwa anachelewa mnadani. Tulicheka sana. Mwalimu wa Malambo wakati huo alikuwa bado yuko njiani, na sidii yangu ameifunga kwenye leso pamoja na ile yake ya programu mpya.

Hakuja tena miezi mingi; mvua ilikata barabara. Huku nyuma nikaijaribu ile programu mpya peke yangu, mlango nimeufunga, kama mtu anayeonja pombe kwa siri. Ilikuwa nzuri. Ndani ya wiki mbili nikawa nimezibadilisha kompyuta zote za Karatu, na wenzangu wakashangilia kasi yake bila kuuliza ilitoka wapi. Malambo sikupeleka habari. Simu hazikufika, ndiyo, lakini barabara ilipokauka magari yalikwenda, na barua ni karatasi moja tu. Niliona aibu, basi.

Mwaka uliofuata nilitumwa kukwamua gari lililoharibika upande ule, na nikapitia shuleni. Mwalimu alinipokea kwa mikono miwili, akanipeleka darasani kwake. Kompyuta tatu, zimefutwa vumbi vizuri. Akawasha moja. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja mmoja, ikafika penye mtandao, ikasimama. Watoto nao wamesimama, mikono nyuma, kimya, wameshazoea. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kundi la tatu halijagusa kompyuta tangu muhula uanze," alisema bila kulalamika. "Ikifika jioni betri imekwisha. Huwa nawachorea kibodi ubaoni."

"Kwa nini hukubadilisha? Ile nyingine si ulikuwa nayo?"

Akafungua droo. Sidii ya programu mpya ilikuwa humo, kwenye leso ileile. "Ninayo. Lakini si tulikaa, fundi? Kikao kilisema. Ningeletaje neno langu tena kabla hatujakaa?"

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kusema kwamba kikao kingine kinakuja, halafu nimletee ruhusa kama zawadi. Kumbe hata uongo una mahali unapokataa kutoka.

"Sisi tulishabadilisha," nikasema. "Karatu yote. Zamani."

Akaniuliza, "Mlikaa lini?"

"Hatukukaa. Nilibadilisha mimi."

Hakunikasirikia, na ningeshukuru kama angenikasirikia. Aliitoa ile sidii kwenye leso, akaigeuza mkononi, kisha akatazama dirishani, ambako kundi la tatu lilikuwa limekaa kwenye majani likisubiri jioni yake.

"Kumbe hata mimi ningeweza," alisema.

Akanipa sidii, nikaketi kuanza kazi.