Modeli Isiyokuwa na Siku

Kazi yangu ni kukokotoa safari za mahindi ambayo sijawahi kuyaona. Nakaa Ibighi, hapa Tukuyu, kwenye nyumba aliyoniachia baba, na kompyuta nimeiweka chumba cha nyuma. Wenzangu wako Dar es Salaam na nje ya nchi. Kwa pamoja tunatengeneza modeli ya biashara ya nafaka: kila nchi ina mavuno yake, walaji wake, gharama za usafiri na ushuru wa mpakani, kisha kompyuta inatafuta bei ambayo kwayo kila gunia litapata mnunuzi.

Mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa anayauza mahindi yenyewe. Aliyakusanya Kawetele na vijiji vya jirani, akakodi lori la Fuso, akashuka hadi mpakani kuwauzia wafanyabiashara wa upande wa pili. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba mtoto wake anapima chakula cha dunia, nami sikumsahihisha.

Mwaka mmoja amri ilitoka ghafla kwamba nafaka isivuke mpaka. Kiongozi wa timu yetu akaniandikia nionyeshe kitakachotokea mpaka ukifungwa. Ndani ya modeli hilo ni jambo jepesi. Unaweka ushuru mkubwa mno, usiolipika, basi, mahindi yanageuka yenyewe kwenda kwingine. Chai yangu ilikuwa haijapoa nilipopata majibu: upande wetu bei inashuka, walaji wa mjini wananufaika, wakulima na wachuuzi wanaumia, na hasara ya nchi nzima ni ndogo, haionekani vizuri hata kwenye mchoro. Nilikuwa naiandika sentensi hiyo simu ilipoita. Mama mdogo alikuwa amekwama mpakani na lori zima.

Kesho yake nikashuka. Baridi ya Tukuyu iliishia njiani, na kule chini hewa ilikuwa nzito, haina upepo. Malori yalisimama pembeni ya barabara, moja nyuma ya lingine. Nilimkuta amekaa kivulini mwa lori lake, miguu imevimba. Mvua ilikuwa imenyesha na turubai lilikuwa limechanika upande mmoja. Alinipa mkono, akanishukuru, "Ndaga," kama vile nimemtembelea nyumbani, kisha akaniomba nipande niyashike magunia. Nikapenyeza mkono kati ya gunia na gunia. Yalikuwa ya moto, yananuka uvundo.

Niliposhuka aliniuliza taratibu, "Mwanangu, ile mashine yako inasema watafungua lini?"

"Haisemi hivyo, mama. Inasema bei itakuwaje mambo yakishatulia."

"Na yatatulia lini?"

Nikamweleza kwamba modeli yetu haina siku ndani yake. Ina hali ya kabla na hali ya baada, katikati hamna kitu. Alinitazama, nadhani akichunguza kama kuna jambo namficha.

"Basi mimi niko hapo katikati," akasema.

Nilimsihi arudi na mzigo kabla haujaharibika wote. Alisita, maana kila asubuhi palikuwa na mtu mwenye habari kwamba kesho wanafungua. Nilibaki naye, nikalala kwenye kibanda cha mama lishe, hadi dereva alipokataa kuendelea kusubiri. Ndipo tukapanda mlima na mahindi yetu.

Tuliyaanika uwanjani kwake, lakini huku Rungwe mvua haimsubiri mtu. Yaliyopona yalikuwa machache. Mengine waliyachukua wafuga nguruwe, na yaliyooza kabisa tukayafukia migombani. Mpaka ulikuja kufunguliwa, wachuuzi wenzake wakarudi barabarani. Yeye hakurudi. Alisema amechoka, akabaki na migomba yake.

Kwenye ripoti niliongeza aya kuhusu watu wanaosubiri na chakula kinachoharibika wakisubiri. Kiongozi wangu alinijibu kwa upole kwamba hoja ni ya kweli, ila takwimu za kuipima hatuna. Ikawekwa kama tanbihi, kwa herufi ndogo, chini ya ukurasa.

Bado naifanya kazi hii. Mama mdogo akija kwangu haingii chumba cha nyuma. Anakaa jikoni, ananiuliza kama nimekula, na mimi nafunga kompyuta kabla ya kwenda kumwitikia.