Video za Mama Pindo

Shangazi yangu, dada wa baba, hakuwa na subira na uchafu. Kwenye chuo cha ushonaji alikofundisha, wanafunzi walimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo ikifika mkononi mwake hakuangalia kola wala mifuko. Aliigeuza nje ndani akaangalia pindo. Likiwa limekwenda upande, unafumua. Ukilia, unafumua huku unalia. Mimi alinilea tangu wazazi wangu walipoachana, na sare yangu ya shule niliifumua mara nyingi kuliko nilivyoivaa. Leo mimi ni msusi, na nywele za mteja zikienda mrama nafumua kabla hajaniambia. Kwa hiyo mkinisikia nikimsema Shangazi hapa, mjue namsema mtu wangu. Nyinyi msijaribu.

Kila Ijumaa jioni, kabla darasa halijafungwa, kila mwanafunzi alifagia chini ya cherehani yake. Vipande vyote vya kitambaa, hata kile cha upana wa kiganja, viliingia kwenye kiroba vikaenda kutupwa. Mwalimu wa darasa jingine alivihifadhi vipande vyake, akawafundisha watoto kushona vishikio vya sufuria. Shangazi hakutaka hata kusikia. Alikuwa na msemo wake, na wanafunzi walikuwa wakiumalizia chinichini akiwa bado anauanza: "Kilichotakiwa kimeshaingia kwenye nguo. Kilichobaki ni takataka."

Basi chuo kikapata projekta, na mkuu wa chuo akawataka walimu waandae masomo yao kwenye kompyuta. Walimu vijana walinung'unika. Shangazi, ambaye miwani yake ilikuwa nzito kama vitako vya chupa, alijitafutia kompyuta kuukuu, akakaa nayo sebuleni akiibonyeza kwa kidole kimoja mpaka akaielewa ile programu ya slaidi. Maandishi hayakumtosha. Alisema pindo haliandikwi, pindo linaonyeshwa. Akataka video kwenye kila somo.

Likizo nzima nilimshikia simu. Kila asubuhi kabla sijakwenda saluni, meza inavutwa karibu na dirisha, cherehani inafutwa vumbi, na mimi nasimama nikiwa sijanywa hata chai. Shangazi anaitazama kamera kana kwamba imechelewa darasani, anafungua mdomo, anasema, "Haya." Ndipo somo linaanza. Neno hilo ndilo lilikuwa mlango wake wa kila kitu. Haya, shika mkasi. Haya, nani kakata hii? Haya, kalale. Nikikohoa, tunaanza upya. Jirani akigonga, tunaanza upya. Nilichoka, sisemi uongo, na kuna siku nilimwambia simu hii nitaitumbukiza chooni. Akaniambia nikimaliza ninawe mikono, twende somo la zipu.

Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila tukimaliza alizihamishia video kwenye kompyuta papo hapo. Hakunakili, alikata, kwenye simu kisibaki kitu. Kwenye kompyuta kuna kitufe chenye picha ya mkasi, na Shangazi alikipenda kitufe hicho kuliko vingine vyote. Kisha aliitia video kwenye slaidi. Picha yake inatokea, kaketi mbele ya cherehani, mdomo wazi, ndiyo kwanza anaanza. Anabonyeza. Picha inatembea, sauti inatoka. Anafunga somo, analifungua tena, anabonyeza tena. Inacheza. Anaridhika.

Na Ijumaa jioni ikifika, Shangazi alifagia. Alifungua folda lenye video alizokwisha kuzitumia, akazifuta zote, kisha akalifungua na lile pipa la taka la kwenye kompyuta, akalimwaga. Video si ilikuwa imeshaingia kwenye somo? Aliiona kwa macho yake ikicheza. Kilichobaki kwenye folda kilikuwa vipande vya chini ya cherehani. Aliniambia kompyuta sasa inapumua. Nani angembishia? Fundi wa kompyuta asingefanya hivyo, na mtu mvivu asingefanya hivyo. Ni fundi cherehani tu, tena wa aina yake.

Zilipobaki wiki chache chuo kufunguliwa, nilimkuta asubuhi sakafuni jikoni, pasi ikiwa bado imechomekwa. Kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, nawashukuru, ila mkono wa kulia ukawa unaning'inia tu, na maneno yakaondoka. Yote, isipokuwa moja. Daktari alinieleza kwamba akili yake iko pale pale, anasikia na anaelewa, ila njia ya kutokea maneno ndiyo imezibwa, na huenda neno alilolizoea sana ndilo lililoponyoka. Kwa hiyo akitaka maji, haya. Akiumwa, haya. Akikasirika kwa sababu nimempa uji badala ya maji, haya, haya, haya, na macho yametoka. Akilia pia alilia kwa neno hilo hilo.

Mkuu wa chuo alikuja kumwona. Ni mtu mpole, tatizo lake ni kwamba ana methali ya kila msiba. Alikaa kwenye kochi akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikajibu kimoyomoyo kwamba koleo halijavunjika, aliyevunjika ni mhunzi. Lakini alipoanza kuzungukazunguka, kwamba darasa haliwezi kukaa na mwalimu asiyesema, kwamba wapo vijana wanaoweza kushika nafasi, nilimkata kauli. Nikamwambia masomo yapo. Yote ya muhula, kwa sauti yake mwenyewe, yamo kwenye kompyuta ile pale chini ya kitambaa. Video zifundishe, na yeye akae pale na mkono wake wa kushoto akague mapindo.

Mkuu alifikiri. Akasema sawa, tujaribu siku ya kwanza ya muhula. Darasa likienda, Mama Pindo anabaki na wanafunzi wake. Lisipokwenda, nisimlaumu.

Shangazi alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inacheka. Tangu siku hiyo alikula bila kugombana. Alikuwa akiuminya mpira aliopewa hospitali mpaka jasho linamtoka. Nilitaka tuzifungue zile video nyumbani tuziangalie, naye akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakataa. Nilimwelewa. Hajawahi kumwonyesha mtu nguo kabla ya siku ya kuvaliwa. Nami nilikuwa na langu moyoni, sikumwambia. Darasa lilikuwa lake. Mimi nilitaka ile sauti tu. Nilitaka kuisikia ikimgombeza mtu, hata kama ni mimi. Msiniulize kama hakuna kwingine ilikobaki. Ujumbe wa sauti kwenye simu hakuwahi kutuma hata mmoja, akisema mwenye shida naye aje mlangoni.

Siku ilipofika nilimsuka, nikamvalisha gauni lake la bluu alilolishona mwenyewe, nikamfikisha chuoni. Darasa lilikuwa limejaa. Wanafunzi wapya wamekaa mbele, daftari safi, na wale wa zamani wamesimama nyuma ukutani, kwa sababu walikuwa wamesikia. Mkuu alizima taa mwenyewe. Nikaunganisha waya, nikafungua somo la kwanza, na ukutani akatokea Shangazi, mkubwa kama mlango, mzima, mikono yote miwili juu ya meza, mdomo wazi. Darasa lilinong'ona. Shangazi aliitazama ile picha, akajiweka sawa kwenye kiti.

Nikabonyeza. Picha haikutembea. Chini yake yakatokea maneno kwamba video haipatikani.

Nikabonyeza tena. Nikafunga, nikafungua. Somo la pili, la tatu, la zipu, la kola, kila nilikofungua alikuwepo pale, mdomo wazi, na maneno yale yale chini yake. Mwanafunzi mmoja akasema labda ni waya. Mkuu akainama kuangalia waya. Nikabonyeza na kubonyeza mpaka kipanya kikaanguka.

Ndipo Shangazi akasimama, akajishikiza kwenye meza. Akawatazama wale watoto.

"Haya," akasema.

Nao, maskini, wakashika kalamu zao, wakainua nyuso, wakangoja. Walingoja kwa heshima kabisa. Niliomba ardhi ipasuke.

Mchana ule ule niliipeleka kompyuta kwa fundi aliye mkabala na saluni yetu, nikamwambia arekebishe asinipigie porojo. Aliifungua, akaangalia, akaangalia tena. Akaniuliza video zenyewe ziko wapi. Nikamwambia zimo humo kwenye slaidi, wewe kipofu? Akavumilia. Akavuta kiti.

"Dada, humu hamna video," akasema. "Programu hii ina njia mbili. Kuna ya kuiingiza video ndani kabisa, na kuna ya kuiunganisha tu. Aliyeandaa hapa aliunganisha. Slaidi imeandika mahali video ilipo, ikitakiwa kucheza inaifuata huko huko. Huko sasa hakuna kitu."

"Mbona aliiona ikicheza?"

"Ilicheza kwa sababu ilikuwa bado ipo pale. Hii ni anwani, dada. Nyumba imebomolewa."

Nilimtukana. Nilimwambia ufundi wake ni wa kuchajisha simu. Nikatoka nje, nikarudi, nikamwomba radhi, nikamwomba ajaribu kila analolijua. Alijaribu, sina neno naye. Aliacha kazi za watu akaichimba ile diski kwa programu ya kufukulia vilivyofutwa. Lakini kompyuta ilikuwa ndogo, na Shangazi kila alipofuta za wiki hii alizifunika kwa za wiki inayofuata. Mwisho fundi aliniita. Alikuwa amepata kipande kimoja.

Kioo kilikuwa cha kijivu, hakuna sura. Ila sauti ilikuwepo. Cherehani inakwenda, inakwenda, kisha inasimama. Ninakijua kimya kile. Shangazi hasemi juu ya cherehani, huisimamisha kwanza, ananyoosha kitambaa, ndipo aseme. Niliusogeza uso mpaka karibu niguse kioo. Kipande kikaishia hapo. Nikamwambia acheze tena. Akacheza. Tena. Akacheza, safari hii akiwa ametazama mlangoni.

Njiani nilitunga uongo. Ningemwambia kompyuta imeungua, kitu cha umeme, hakuna mwenye kosa. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba huo ndio wema, mtu akishaanguka hasukumwi. Nikaiweka kompyuta mezani mbele yake, nikafungua mdomo. Aliinua mkono wa kushoto ninyamaze.

Aliifungua mwenyewe, kwa kidole kimoja kama alivyojifunza. Akaenda moja kwa moja kwenye lile folda. Tupu. Akaenda kwenye pipa la taka. Tupu. Akakaa analitazama lile pipa muda mrefu, kisha akaligusa kwa kidole pale kwenye kioo, na kidole hicho hicho akakileta kifuani pake.

"Shangazi, hapana," nikasema. "Ni hii programu. Ilikudanganya, inaonyesha kama imeingia. Hata mimi ningefuta. Hata mkuu angefuta."

"Haya," akasema, polepole sana.

Watu wa mtaani wananiogopa kwa ulimi wangu. Nina jibu la mteja, la askari wa jiji, la mwanamume yeyote anayenipigia mluzi. Siku ile nilikaa chini karibu na miguu yake. Tulikuwa wawili ndani ya chumba kimoja, na maneno yote ya nyumba ile yalikuwa moja.

Mkuu alituma ujumbe wa heshima, na methali ndani yake, siwezi kuirudia. Akapatikana mwalimu mwingine, binti aliyefundishwa na Shangazi mwenyewe. Simlaumu mtu. Ila kuna vitu vyake vilikuwa bado darasani, mkasi wake mkubwa, utepe wa kupimia na miwani ya akiba, naye hakutaka niende peke yangu kuvichukua. Tulikwenda Ijumaa, jioni, kwa sababu ndipo nilipopata nafasi saluni.

Wanafunzi walikuwa wanafagia. Walipomwona wakasimama wote, ufagio mkononi, wakamwamkia kwa pamoja, na mwalimu mpya akaja mbio kumpa kiti. Hakukaa. Alikuwa anatazama sakafu. Msichana mmoja wa mbele alikuwa ameshakusanya rundo lake, vipande vya rangi zote, na kiroba kiko wazi pembeni. Akainama alizoe.

Shangazi akaburuta mguu mpaka pale, akaukanyaga ufagio.

Yule msichana alishtuka, akamtazama mwalimu wake, akanitazama mimi. Shangazi alijishusha taratibu mpaka akapiga goti, mimi nikimshika kwapani nisijue namzuia au namsaidia, akaanza kuokota vipande kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, hata vile vya upana wa kidole, akivitia kwenye mkoba wake. Vilivyoanguka aliviokota upya.

Mkoba ulipojaa, akainua uso akawatazama wale wasichana, mdomo wazi, kama alivyokuwa ukutani.

"Haya," akasema.

Wakangoja. Na mimi, niliyejua neno lile lilikuwa na maneno gani nyuma yake, nikangoja pamoja nao.