Mfongo Kifuani mwa Baba

Mara ya kwanza kuona kovu la mtu aliyepasuliwa moyo nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri vya magari, mjini Moshi, chupa ya soda mkononi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye baba alimfanyia kazi ya stoo kwa zaidi ya miaka ishirini, alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, wateja wakitazama. Kovu lilianzia chini ya koo, likashuka katikati ya kifua, limenyooka kama limepigwa rula. Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, akaweka mguu juu ya kreti na kukunja suruali. Kovu jingine, kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya goti.

Nilishtuka hadi soda ikanimwagikia. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Moyo nimeuchora ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuchora nimefumba macho, lakini sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kufunguliwa kifua, akafungwa, akarudi kuuza feni belti kama kawaida.

“Na mguu je, mzee?” niliuliza. “Moyo uko juu. Huko chini walitafuta nini?”

“Bomba,” alisema. “Za juu zimeziba, wamechukua ya chini, wameunga. Spea ya mwili wako mwenyewe, hakuna kuagiza.”

Wateja walicheka. Baba hakucheka. “Mzee,” alisema, “mimi si gari.”

Tulikuwa pale kwa ajili yake. Miezi kadhaa kabla ya hapo nilipanda naye kutoka kituo cha basi kwenda nyumbani mlimani, kwenye kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa babu. Kila kona alisimama kukagua kahawa, kama alivyokuwa akifanya kwa miezi kadhaa. Anashika tawi, anageuza majani, anasonya. Nilidhani ni hasira ya bei, maana miaka ile majirani walikuwa wanang’oa mibuni wanapanda nyanya za kupeleka sokoni Himo, na yeye habari hiyo ilimchoma. Kwenye kona ya mwisho akasimama tena, akashika tawi, akageuza majani. Lilikuwa tawi la mparachichi. Nikamtazama usoni vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Jasho lilikuwa linamtiririka na mkono mmoja ameubana kifuani. Kumbe miezi yote hiyo hakukuwa na ukaguzi wowote wa kahawa. Alikuwa anasubiri maumivu yapite, na sisi watoto wake tunamsifu kwa kujali shamba!

Madaktari wa mjini walimpima wakasema mishipa inayoulisha moyo wake damu imeziba. Upasuaji wake wakati huo haukuwa unafanyika nchini, inabidi aende India. Bila huo, walisema, wasingeshangaa siku moja ya kupanda mlima ikawa ya mwisho. Mwenye duka alitupatia barua ya kwenda hospitali aliyotibiwa yeye, na ukoo mzima ulichangia, hadi shangazi zangu waliokuwa hawasalimiani walikaa kikao kimoja. Kilichobaki ni baba kukubali, na baba alikataa.

Alikataa kwa sababu yangu. Nilimweleza ukweli wote kama ninavyowaeleza wanafunzi: kifua kitapasuliwa kwa msumeno, damu itapitishwa kwenye mashine, na moyo utasimamishwa kwa dawa na ubaridi ili daktari aweze kushona.

“Mtu ambaye moyo wake umesimama anaitwaje?” aliniuliza.

“Mgonjwa, baba.”

“Anaitwa marehemu,” alisema, akaenda kulisha ng’ombe.

Nilimchorea moyo kwenye daftari. Akauangalia, akauliza kwa nini unafanana na embe. Wiki mbili nilihangaika hivyo. Halafu siku moja, tukiwa jikoni, likanijia lile neno ambalo sitalisahau.

Kwetu maji ya shamba yanatoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu, na yanaletwa na mfongo, yaani mfereji ambao wazee walichimba kwa jembe kukata ubavu wa mlima. Baba alikuwa mzee wa mfongo wetu. Yeye ndiye aliyepanga zamu za maji, na ukoo wetu ndio wenye haki ya kufungua banio, pale maji yanapotoka mtoni kuingia mfongoni. Ni kazi ya wanaume. Mwanamke hafiki kwenye banio, ni mwiko. Mimi binti yake nilikua nikinywa maji yale na kuoga maji yale, na sikuwahi kuona yanapoanzia.

Masika ya mwaka ule udongo ulikuwa umeporomoka na kufukia kipande cha mfongo, na wanaume walikuwa wanahangaika nacho.

“Baba,” nilisema, “pale palipofukiwa mnafukua?”

“Tufukue mlima mzima? Tunachimba kando. Tunapazunguka, tunaungana na mfongo wa zamani huku chini.”

“Basi ndicho watakachokufanyia wewe. Hawagusi palipoziba. Wanachimbia damu mfongo mpya pembeni.”

Alisukuma kuni motoni. Kisha akauliza, “Na wakati wanachimba, maji yanapita wapi?”

“Kwenye mashine.”

“Aa. Wanafunga banio kwanza.” Akaitikia kwa kichwa. “Sasa umesema kitu.”

Alikubali siku hiyohiyo. Nilijiona bingwa. Niliwasimulia walimu wenzangu ofisini, nikawaambia hivyo ndivyo somo linavyofundishwa, unampa mtu kitu anachokijua. Nikikumbuka majivuno yale naona aibu hadi leo.

Nilimsindikiza India. Kule walimpitishia waya mwembamba kutoka kwenye paja hadi moyoni, wakamwaga dawa ya rangi, na kwenye televisheni ndogo nikaona mishipa ya baba ikitokea kama mizizi, mitatu ikikatika ghafla. Niliuliza kuhusu njia ya puto, ile ya kuingiza puto dogo likapanua mshipa na kuacha kijibomba cha wavu ndani. Daktari alisema kwa mishipa ya baba haifai, imeziba mahali pengi. Wakampasua. Nilipoingizwa kumwona baadaye, muuguzi aliniongoza hadi kitandani. Alikuwa na bomba mdomoni, mabomba mawili yanatoka chini ya mbavu yakimwaga damu kwenye chupa, na nyaya nyembamba zimetokeza kwenye ngozi. Mfupa wa kidari, ule ambao nyama yake kwetu mbuzi akichinjwa anapewa mzee kwa heshima, wa baba ulikuwa umepasuliwa katikati na kufungwa kwa nyaya za chuma. Baiolojia yangu yote iliyeyuka. Nilisali Salamu Maria nikachanganya maneno.

Lakini alipotolewa bomba mdomoni, alitaka kujua habari za mfongo wake. Nikamweleza walivyotoa mshipa wa mguuni, kwamba ndani una milango midogo inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo wameugeuza juu chini kabla ya kuushona.

“Wameugeuza!” alisema, akafurahi kama mtu aliyeletewa habari za mjukuu. “Hao ni mafundi.”

Tuliruhusiwa na masharti. Miezi mitatu asinyanyue chochote kizito kuliko birika, asisukume, asivute. Akikohoa akumbatie mto. Mto wenyewe tulipewa hukohuko, mdogo, wa rangi ya bluu. Masharti niliyaandika kwenye karatasi nikabandika kabatini nyumbani, kwa wino mwekundu. Ndugu walimiminika. Mama alimpikia mtori wa ndizi na nyama, baba akasimulia, na baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, akanivuta pembeni kuniuliza kama nina hakika Wahindi hawakuiba kitu mguuni. Nikamcheka. Nilirudi kazini kwangu mjini roho imetulia.

Wiki ya saba mkuu wa shule aliniita ofisini. Simu. Alikuwa baba mdogo, anapumua kama ametoka kukimbia.

“Mwalimu, njoo hospitali. Tunamleta baba. Kifua kimefunguka.”

Niliacha darasa, chaki mkononi. Nilifika wakati pikapu inaingia getini. Baba alikuwa amekaa mbele, amekumbatia ule mto wa bluu, gamubuti zina tope hadi magotini. Nilipofungua mlango nikasikia mlio. Tik. Akavuta pumzi tena. Tik. Ilikuwa mifupa ya kifua chake, pande mbili, inagongana. Nimezeeka sasa na nimesikia mengi, lakini mlio ule hauna mwenzake. Machozi yalinitoka nikasahau hata kumwamkia.

“Usilie, Mwalimu,” alisema. Ndivyo alivyokuwa akiniita akinitania.

Walimwingiza ndani. Daktari akatoka baada ya kumpima, amekasirika, na mimi nilimpenda kwa hasira ile. “Huyu mzee amenyanyua nini?”

Baba zangu wadogo watatu waliangalia gamubuti zao.

“Jiwe,” mmoja alisema. “Hakulinyanyua hasa. Alilibingirisha kwa mtaimbo.”

“Na nyinyi mlikuwa wapi?”

“Tulikuwepo, daktari. Ni hivi.” Baba mdogo aliyenipigia simu alivua kofia. “Kile kipande kipya cha mfongo tulikimaliza. Mfongo mpya ukimalizika, jiwe linalofunga banio linaondolewa na mzee wake, mtu mwingine haruhusiwi. Na maji hayafunguliwi kidogo kidogo. Yanafunguliwa yote, kwa nguvu, siku ileile, ili tuone unavuja wapi. Ukivumilia siku hiyo, umepona.”

Sikuwahi kusikia jambo hilo maishani mwangu. Ningelisikia wapi? Sikuwahi kufika banioni.

“Hamkumkataza?” niliuliza.

“Tulimkataza. Akasema ametoka India na mfongo mpya kifuani, na hakuna aliyeupima. Akasema, leo napima miwili.”

Daktari alitutazama mmoja mmoja. “Nani aliyemwambia ana mfongo kifuani?”

Baba zangu wadogo hawakuniangalia, walinisitiri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

“Mimi, daktari,” nilisema. “Ni mimi niliyemwambia.”

Wakampeleka chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi ukutani nikiwa na kadi yake ya hospitali, nikijitukana. Nilikuwa nimechukua mfano kutoka mahali ambapo sijawahi kukanyaga, nikampa mtu aliyepajua kuliko nyumba yake mwenyewe, kisha nikashangaa alipoufuata mpaka mwisho. Karatasi yenye wino mwekundu ilikuwa na nguvu gani mbele ya hilo? Kama angekufa, nilijua nitakayemlaumu, na nilijua uso wake.

Mchana wa siku ya pili daktari alinieleza. Nyaya za chuma zilikuwa zimekata mfupa. Zimetolewa, zimewekwa nyingine, kidonda kimesafishwa, sasa tumwombe Mungu kisioze. Moyo wenyewe ameusikiliza na kuupima na hauna neno.

Hakikuoza. Siku baba alipopata nguvu ya kuongea nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, nimeyapanga maneno kabisa. Hakunipa nafasi.

“Ulivuja?” aliuliza.

“Nini, baba?”

“Mfongo wangu.”

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na hakuna nililoweza kufanya kwa sababu ya kifua chake. “Haukuvuja,” nilisema. “Kingo ndizo zilizobomoka.”

“Kingo zinajengwa.” Alifumba macho. “Nilikosea jambo moja tu. Mfongo unapimwa mafundi wakiwa wamesimama hapo na majembe yao. Mimi nimepima huku mafundi wakiwa India.”

“Baba, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambia ni mfongo, na sikujua mnapima vile.”

Alifumbua macho. “Ungejuaje,” alisema, “na hatukuwahi kukupeleka?”

Aliishi. Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Jumamosi, aliniambia nivae viatu vya kupandia. Mama alipojua tunakokwenda alishika kichwa. Baba alisema mzee wa mfongo ni yeye, na kama kuna wa kumtoza faini ya pombe kwa kumfikisha mwanamke banioni, atailipa. Tulipanda polepole. Safari hii hakushika tawi lolote.

Banio lilikuwa dogo kuliko nilivyowaza, ukuta wa mawe na magogo ya migomba, maji yakipita kwa kelele. Pembeni palikuwa na jiwe jeusi, refu kama mbuzi aliyelala.

“Ndilo hilo,” baba alisema.

Nililitazama, nikamtazama yeye, na lile kovu lake likichungulia kwenye kola ya shati. Nikaweka mikono miwili nikalisukuma kwa nguvu zangu zote. Halikutikisika. Nikakaa chini kwenye nyasi zenye maji, nikalia kwa sauti kama mtoto.

“Liache hilo, Mwalimu,” baba alisema. “Utaumia.”