Karibu Nkwabi

Nina daftari la kazi lenye jalada gumu, na kisa hiki kimo ndani yake. Nalitaja mapema kwa sababu najua utakachofikiri. Ningesimuliwa mimi, ningefikiri hivyo hivyo. Lakini kilitokea, tena saa nane mchana, jua likichoma mabati ya Bariadi na bodaboda wakipigiana honi nje. Usinitafutie giza. Halikuwepo.

Mimi ni fundi kompyuta, kibanda changu kiko jirani na stendi. Wenzangu hunicheka kwa utaratibu wangu mmoja: mtu yeyote anayekuja kuulizia kifaa kisicho chake lazima aandike daftarini jina lake, uhusiano wake na mwenye mali, na sahihi. Nilianza hivyo baada ya mtu na mkewe kugombania simu mezani kwangu hadi wakavunja kioo cha kabati.

Asubuhi ya siku hiyo aliingia Mwalimu Ester, mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo. Ester akaweka mezani laptop ya marehemu mumewe. Niliiwasha, skrini ikabaki nyeusi, na ndani diski ikawa inagonga.

"Diski imekufa, mwalimu. Tuweke mpya, nipige window upya."

"Na vitu vyake vilivyomo?"

"Vimekwenda."

Alimtikisa mtoto kidogo. "Basi weka. Natakiwa kupeleka alama za wanafunzi."

Nilimuuliza kuhusu mtoto. Akasema ana wiki tano na hajawahi kulala zaidi ya dakika chache. Hospitali walipima kila kitu, hawakuona ugonjwa, ila uzito unashuka. Mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Lingeka kumsaidia kulea, alikuwa na maelezo yake: mtoto anadai jina la mtu wa ukoo, na hatanyamaza mpaka apewe. Walimwita kwa jina la babu, akalia. Wakamwita kwa la babu wa babu, akalia.

"Labda baba yake angejua," Ester alisema. "Na yeye alifariki mimba ina miezi saba. Sasa nikamuulize nani?"

Ungemjibu nini wewe? Mimi nilimwambia arudi jioni.

Mchana nilitoa diski ya zamani, nikabandika karatasi yenye jina lake, nikaiweka kwenye kopo ninamotunza diski mbovu za wateja. Nikafungua pakiti ya diski mpya. Mpya kabisa, kumbuka hilo. Nikachomeka flashi yenye window, na asilimia zikaanza kupanda kwenye skrini.

Zikiendelea kupanda, akaingia mwanamume wa makamo. Shati lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na ulikuwa mwezi ambao Bariadi nzima ni vumbi. Hilo nililiona wakati ule ule, sikuliongeza baadaye.

"Mwadila," akasalimia. Nikaitikia. Akaketi mwisho wa benchi, akavuta suruali kidogo magotini, kama mtu anayelinda mstari wa pasi.

"Imefika asilimia ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Ikifika panapouliza jina, andika Nkwabi."

"Bosi, hii ni ya Mwalimu Ester."

"Najua ni ya nani. Andika Nkwabi. Na umwambie leo."

Nikamsukumia daftari. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Jina aliloandika lilikuwa geni kwangu. Kwenye uhusiano akaandika "mume".

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Huku kwetu mume akifa, ndugu yake anaweza kuja kumrithi mjane, na wapo wanaoanza kujiita mume kabla hata mjane hajakubali. Wanaanza na vitu vya marehemu: ng'ombe, baiskeli, siku hizi laptop. Nikasema moyoni, huyu ni shemeji mtu, anataka kuweka jina la upande wao kwenye mali. Ugomvi wa urithi mimi siingii.

Laptop ilijizima ikawaka upya, nikaitazama. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Mlango wangu ni wa bati. Hata kuku akiupitia unasikika. Sikusikia kitu.

Panapouliza jina niliandika Ester. Niamini, vidole vinakumbuka. Jioni akaja kuichukua. Sikumwambia habari ya mgeni.

Siku ya tatu alirudi na kuitupa laptop mezani.

"Fundi, wewe ni mwizi! Umenifungia diski ya mtu mwingine ukaniambia mpya."

"Mwalimu, pakiti yake ile pale."

"Basi hebu washa! Kila nikiwasha inamkaribisha Nkwabi. Nkwabi ni nani, babu yako?"

Niliwasha. Ilikuwa kama alivyosema: palipotakiwa kuwa na jina lake, paliandikwa Nkwabi. Mtoto mgongoni hakuwa analia tena. Alikuwa amechoka hata kulia. Kichwa kimelala upande, macho wazi.

"Shemeji yako alikuja," nikasema. "Alitaka niandike hilo jina. Nilikataa."

"Shemeji gani? Mume wangu alizaliwa peke yake."

Nikamfungulia daftari. Aliweka kidole kwenye sahihi. Kisha akatoa kwenye mkoba bahasha ya karatasi za mirathi, na ndani yake cheti cha ndoa chenye sahihi ya marehemu. Kazi yangu ni kulinganisha vitu, nikalinganisha. Herufi ya mwisho ilirudi nyuma ikalikata jina zima, kwenye cheti na kwenye daftari. Sahihi zilifanana mpaka pale wino ulipokolea.

Ester alimpigia mama mkwe wake, wakaongea Kisukuma, simu ikiwa wazi mezani. Alipotaja jina, bibi alimtaka arudie, akarudia. Halafu bibi akauliza, "Nani amekutajia?"

Nkwabi alikuwa kaka yake huyo bibi, aliyepotelea machungani akiwa kijana. Baba yao alikataza jina hilo lisitajwe tena nyumbani. Bibi alimsimulia mtu mmoja tu, mwanawe, na mwanawe alikuwa kaburini Lingeka.

Ester akamshusha mtoto, akamweka mbele yake, akamwita, "Nkwabi."

Mtoto akamgeukia. Akanyonya, kisha akalala palepale kwenye benchi langu kwa saa nne. Sikupokea kazi nyingine siku hiyo.

Alipona, akanenepa. Lakini sauti haikurudi. Zile siku tatu nilizokaa na ujumbe zilikuwa za kwangu, na nikimsikia anavyoongea sasa, kwa mkwaruzo kama mzee, najua ni nani aliyemchelewesha. Ester hajawahi kunilaumu. Ningependa anilaumu.

Mwezi uliopita alikuja kununua chaja. Nkwabi ana miaka mitatu na hakuwa amefika kibandani tangu siku ile. Aliingia, akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akapanda, akavuta kaptula yake magotini. Akanitazama mezani nilipokuwa napiga window ya mteja.

"Imefika asilimia ngapi?" akauliza.

Mama yake alikuwa anachagua chaja, hakusikia. Ilikuwa kwenye arobaini na kitu. Nilimjibu, "Imekwisha, mzee. Nimeshamwambia." Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuchezea waya.

Daftari bado ninalo, ukurasa ule sijauchana. Ila nimeongeza safu moja, ya ujumbe, na kila jioni sifungi mlango kabla ujumbe haujamfikia mwenyewe. Nawe mtu akikuambia "umwambie leo", usikae kupima yeye ni nani na anataka mali ya nani. Mwambie leo.