Fundi nyavu wa Kigera, kindi wake na wivu kwa jirani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Apolinary Werema ameshaketi chini ya mkuyu nyuma ya nyumba yake, Kigera, manispaa ya Musoma. Amenyoosha miguu, wavu wa sato umetandazwa mapajani, na kidole gumba cha mguu kimeuvuta upande mmoja ili pale palipochanika paonekane vizuri. Sindano ya mbao inaingia na kutoka. Mikono inafanya kazi, lakini macho hayako kwenye wavu.

Macho yako barazani kwa jirani.

Barazani hapo, Recho Masanja anakaanga karanga za kuuza. Kando ya jiko lake kuna tenga la kuku lililofunikwa khanga, na ndani ya tenga amelala kindi mwenye bendeji kwenye mguu wa nyuma. Kila Recho anapoinama kuchungulia, Apolinary anakosea fundo na kulifungua upya.

"Umeona? Anampa tena," anasema kwa sauti ya chini, kama anayesengenya mbele ya mhusika. "Ameshakula huyo. Mimi ndiye najua kiasi chake. Lakini nani ananiuliza?"

Apolinary ana miaka 58. Ni baba wa watoto wanne, mtu anayeheshimika kwenye jumuiya yake ya kanisa, na fundi ambaye wenye mitumbwi humtafuta kwa jina. Pia ana wivu. Ni wivu wa kweli, unaomkosesha hamu ya kula, na wala hauhusu mwanamke. Unamhusu kindi.

Mkewe, Debora, ambaye hununua dagaa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, na kuwaanika kwa ajili ya kuuza, hampi nafasi ya kuuficha.

"Mimi miaka yote nasimama na wanaume kule mwaloni, alfajiri, giza, hajawahi hata siku moja kuniuliza nilikuwa na nani," anasema huku akicheka. "Lakini huyo mnyama akivuka kwenda kwa Mama Agness hapo jirani, mwenzangu ugali haushuki. Nikamwambia, Baba Evance, ungenionea mimi wivu hivyo ningenenepa."

Apolinary alizaliwa Mugeta, wilayani Bunda, katika familia ya wafugaji. Ng'ombe wa baba yake walipokwisha kwa ugonjwa, alishuka ziwani kutafuta maisha. Uvuvi ulimshinda mapema kwa sababu hata ziwa likiwa limetulia alitapika. Akabaki nchi kavu na nyavu. Sasa, kwa siku nzuri, anapata kama shilingi elfu kumi na tano, na mitumbwi isipotoka anaweza kukaa wiki nzima akitazama sindano yake tu.

Kindi alimpata miaka miwili iliyopita. Mti mkubwa uliokuwa ukiegemea nyaya za umeme ulikatwa karibu na barabara, na kati ya matawi yaliyoanguka akaona kitu kidogo cha rangi ya waridi, macho hayajafunguka, kikijikunja kwenye majani. Watu walimwambia akiache, kitakufa tu. Alikitia kwenye mfuko wa shati.

Kwa mtoto wa wafugaji, kila kiumbe kidogo kinaponeshwa na maziwa ya ng'ombe. Alimpa hayo, na tumbo la kindi likavimba kama kibuyu. Ndipo alipompigia Esta Nyamhanga, daktari wa mifugo anayehudumia Musoma na Butiama. Esta alimwelekeza atumie maziwa ya mbuzi, ayape joto na kuyatoa tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Pia alimwambia jambo ambalo Apolinary hakulijua, kwamba mnyama wa porini si wa kufugwa nyumbani, akamsaidia kutoa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Makubaliano yakawa kwamba akishapata nguvu aachiwe.

Alimwita Sindano, kwa wembamba wake.

"Alikuwaga analala kwenye mkunjo wa wavu, hapa, kwenye goti," anasema Apolinary, akilipiga goti lenyewe. "Akimgusa mtu mwingine anauma. Debora aliumwa. Mimi, hata siku moja."

Analisema hilo la Debora kwa fahari ambayo Debora mwenyewe haioni.

Sindano alipoachiwa, hakwenda mbali. Alihamia juu ya mkuyu. Asubuhi alishuka, akapanda bega la fundi, akala punje mbili tatu za mahindi, akarudi kwenye mambo yake. Wavuvi walioleta nyavu walikuja na watoto wao kumtazama. Apolinary anakiri kwamba katika kipindi hicho alitembea kifua mbele.

Kisha kaka yake akafariki kule Mugeta. Alikwenda kuzika, akakaa kugawa mashamba na kutuliza ndugu, na kurudi kukachelewa. Debora, ambaye alama ya meno bado anayo, hakutaka habari ya kumlisha mnyama huyo kwa kidole. Kindi akavuka kwenye paa la Recho.

Recho alikuwa peke yake. Bintiye Agness alikuwa amehamia Dar es Salaam na kumchukua mwanawe, ambaye Recho alimlea tangu akinyonya. Kindi alipotokea kwenye ukingo wa baraza na kuiba karanga, Recho hakumfukuza. Alimwekea nyingine. Alimwita Mjukuu.

Apolinary aliporudi, alikaa chini ya mkuyu na mahindi mkononi akingoja. Sindano alishuka, akamtazama, akapita juu ya kichwa chake na kwenda kwa jirani.

"Nilisikia kitu kinakatika hapa," anasema, akionyesha chini ya mbavu. "Nasikia mwanamke anaita 'Mjukuu, Mjukuu', na yeye anaitika. Nikasema, jina nimekupa, maziwa nimekupa, leo unaitika la watu? Kwa sababu ya karanga?"

Aliacha kumsalimu Recho. Alinunua karanga kwa siri kwa muuzaji mwingine, akazimwaga chini ya mkuyu, zikaliwa na kuku. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo halisemi bila kuinamisha kichwa.

Ufukweni huokotwa mabaki ya timba, nyavu za uzi mwembamba wa plastiki zilizopigwa marufuku ziwani. Watu huyachukua kufungia nyanya na kuzungushia bustani ili kuku wasiingie. Apolinary aliokota fungu zima, akaliunganisha, na kulitundika juu, kati ya tawi la mkuyu na paa la Recho, mahali ambapo kindi alizoea kuruka. Hakutaka kumnasa. Alitaka kindi auone ukuta, ageuze.

Lakini timba hufumwa ili samaki asiione. Hakuna mtu Kigera anayelijua hilo kuliko fundi nyavu.

"Maisha yangu yote natengeneza kitu cha kutoonekana, halafu nikategemea aone," anasema. "Wivu uliniondolea akili. Sina maneno mengine."

Kesho yake alisikia kelele kali kama ya ndege. Sindano alikuwa ananing'inia, uzi umeingia kwenye nyama ya mguu wa nyuma, na kila alivyopiga teke ulizama zaidi. Apolinary alipanda na wembe. Alikata kipande chote cha wavu pamoja na mnyama, akashuka naye, akaanza kuondoa uzi mmoja mmoja. Mnyama ambaye hakuwahi kumuuma alimuuma kwenye kidole gumba mpaka mfupani. Hakumwachia.

Esta alikuja kwa pikipiki kutoka Butiama. Alisafisha kidonda, akamchoma dawa, akafunga mguu na kupiga simu wanyamapori, ambako aliruhusiwa amtibu hapohapo hadi awe tayari kurudi mtini. Mguu, alisema, unaweza kupona. Alichoogopa ni tumbo tupu. Mnyama mdogo hivyo akigoma kula hadi kesho, hakuna dawa ya kumrudisha.

Na Sindano aligoma. Apolinary alimpa mahindi, akageuza kichwa. Alimpa maziwa ya mbuzi, yakamtiririka shavuni. Kila mkono huo ulipoingia kwenye tenga, alijibana pembeni na kutetemeka. Kufikia mchana, kichwa hakikunyanyuka tena.

Debora hakucheka safari hii. Alimwambia mumewe kwamba yupo mtu mmoja tu ambaye kindi atakula mkononi mwake, na kwamba anamjua.

Kutoka mkuyu hadi baraza la Recho ni mwendo wa kumaliza salamu moja. Apolinary anasema hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Alisimama ukingoni mwa baraza, tenga mkononi, kitambaa chenye damu kidoleni.

"Mama Agness," alisema, "ule wavu nimeutundika mimi."

Recho aliendelea kugeuza karanga hadi zilipoiva, maana zingeungua. Akaepua.

"Najua," akasema. "Nani mwingine hapa mtaani anafunga fundo namna hiyo? Ulimtegea yeye au mimi?"

"Wewe."

Recho akanyoosha mikono apewe tenga. Alitafuna karanga mbili zikalainika, akaziweka kwenye ncha ya kidole. Kindi alinusa. Akalamba. Akala.

Mtu angetarajia Apolinary afurahi tu. Alifurahi, na hapohapo kifua kikamuwaka. Alitamani mnyama aishi na alitamani ale kwake, akayaona hayo mawili yamesimama pande mbili tofauti.

"Nilimwambia Mungu asante, halafu nikamuuliza, kwa nini kwake?" anasema.

Tenga likabaki kwa Recho, kwa ushauri wa daktari. Apolinary akarudi chini ya mti kupanda na kushusha mabaki ya timba, asije akaumia kiumbe mwingine. Kile kipande alichokikata pamoja na Sindano kilikuwa bado chini, pale pale alipokitupa. Alikitandaza, akakipanga na kilichobaki juu, akakisoma kama anavyosoma kila wavu unaoletwa kwake. Fundi hutazama uzi umevutwa kuelekea wapi, akajua samaki alitokea upande gani. Wavuvi humtegemea kwa hilo, kwa sababu ndilo huwaonyesha pa kutega kesho.

Uzi wote ulikuwa umevutwa kuelekea kwenye mkuyu. Mnyama hakunaswa akienda kwa Recho. Alinaswa akitoka kwa Recho, uso umeelekea nyumbani kwa Apolinary. Chini kabisa, kwenye majani, kulikuwa na punje tatu za karanga zilizokaangwa, zenye alama za meno, hazijaliwa.

Alikwenda kwenye fungu la nyavu kuukuu alizozirundika ukutani kwa miezi. Akazifunua. Katika kila mkunjo kulikuwa na karanga, zimefichwa kwa uangalifu, baadhi, zile alizochukua mbichi kabla hazijakaangwa, zimeanza kuota.

"Kumbe alikuwa anakulaga kule, akiba analeta kwangu," anasema. Anajifanya anatafuta sindano, ingawa iko mkononi. "Nilimzibia njia ya kurudi."

Jambo hilo hakumwambia Recho upesi. Anasema wazi kwamba alitaka abaki nalo peke yake kwa muda, angalau kitu kimoja kisicho cha mtu mwingine, ingawa karanga zenyewe zilikuwa za Recho. Jumapili, baada ya ibada, alimchukulia kiganja kimoja cha zile zilizoota. Recho alizipokea, akazitazama, na jibu lake likawa la mtu ambaye naye alikuwa na la kwake moyoni.

"Kila jioni nilikuwa namwona anaondoka mdomo umejaa," alisema Recho. "Nikawa najiuliza ni nani huyo anayempendaga hivyo kuliko mimi."

Wiki hii Esta alifungua bendeji, akakagua kidonda, akaifunga tena. Mguu utabaki na kilema kidogo, lakini unashika tawi. Amesema Jumamosi tenga litafunguliwa.

Apolinary ameshajiandaa. Amesokota kamba nene ya nanga, ya bluu, inayoonekana hata na mtu aliyesimama barabarani, na ameifunga kutoka mkuyu hadi kwenye paa la Recho ili kindi mwenye mguu mbovu asilazimike kuruka. Recho alimshikia ngazi upande wake. Majirani waliokuja kutazama waliuliza daraja hilo ni la nani, na wote wawili walijibu kwa pamoja, mmoja akisema Sindano, mwingine Mjukuu.

Anaulizwa atafanya nini Jumamosi, Sindano akitoka kwenye tenga na kubaki barazani kwa Recho.

Anavuta uzi, anakaza fundo, analikata kwa meno. Barazani, Recho ameinama tena juu ya tenga. Safari hii fundi hakosei.

"Mchana akae huko, ale ashibe," anasema. "Roho itaniuma, siwezi kudanganya. Lakini zile nyavu kuukuu sizitoi pale ukutani. Mimi nitakaa hapa mpaka jioni, nione analeta nini."